Mistari Iliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Nyumba Na. 27, Mlango wa Nyuma,
S.L.P. 418.

Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limeacha ubishi. Uliandika kuwa linakusumbua ukipanda ngazi tu, na kwamba dawa yake ni kutopanda ngazi. Sina la kuongeza. Macho je? Mwandiko wako safari hii ulikuwa mkubwa kuliko wa safari iliyopita, nikajua ama umebadilisha kalamu ama miwani umeiacha mahali. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ingawa habari zake ni ndefu kidogo, nitazifikia.

Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ina wiki saba sasa. Nimeanza kukuandikia mara tatu, na mara zote tatu niliishia kwenye goti.

Uliniuliza maswali matatu. La kwanza, huo uchumi ninaousoma ni uchumi gani hasa, maana umesikia mengi na hujaelewa hata moja. La pili, ni lini nitaachana na mikataba hii ya muda nikapata kazi ya kudumu. La tatu, kama ni kweli alivyokuandikia Mama, kwamba mimi sasa ni mwalimu wa chuo kikuu. Nitajibu kwa mpangilio wako huo huo. Kwa hilo la tatu utanivumilia.

Mimi nachunguza kusubiri. Najua ukisikia mchumi unamfikiria mtu wa benki. Wajomba nao kila wakiniona wananiuliza sukari itashuka bei lini, nikisema sijui wananitazama kama fundi bomba aliyeshindwa kufunga bomba. Lakini wachumi tuko wengi na kila mmoja ana shamba lake analolima. Langu ni muda. Mtu akikaa kwenye foleni saa tatu nzima, hizo saa zimetoka mahali: kwenye cherehani yake, dukani kwake, kwa mtoto aliyemwacha kwa jirani. Haziandikwi kwenye bajeti yoyote, kwa sababu hakuna aliyezitoa isipokuwa yeye. Mimi nataka kujua ni saa ngapi, na ni nani anayesubiri kuliko wengine. Basi, ni hilo tu. Kwenye tasnifu nimelisema hilo hilo kwa kurasa mia mbili na kumi.

Ukitaka kujua lilinianzaje, lilinianza kwenye kiti cha plastiki. Baada ya shahada ya kwanza nilifanya kazi miaka miwili ofisi ya takwimu, nikipelekwa kwenye masoko kuhesabu watu wanaoingia na kutoka, na kimashine cha kubonyeza kwenye kidole gumba. Wenzangu waliichukia kazi ile. Mimi niliipenda, usiniulize kwa nini. Nikagundua kuwa watu wengi mle sokoni hawanunui wala hawauzi, wamekaa tu wanasubiri: gari la mzigo, mteja aliyeahidi kurudi, mvua ipite. Fomu yetu haikuwa na sehemu ya watu hao. Nikamuuliza mkuu wangu tuwaweke wapi. Akasema, "Waweke kwenye mengineyo." Nilirudi shule kwa ajili ya mengineyo.

Ndipo ikaja shahada ya uzamili, kisha uzamivu, nilioumaliza mwaka jana. Tangu hapo mimi ni mtafiti msaidizi kwa mkataba wa mwaka mmoja, unaokwisha mwezi wa nane. Chumba changu cha kazi kina meza nne na mashine ya kunakilia karatasi, na mashine ndiyo iliyopewa nafasi ya dirishani. Jirani yake ni mimi. Mtu akinakili kurasa nyingi, mgongo wangu unapata joto. Kwa kazi ya kudumu, nafasi zinazotangazwa kwa watu wa aina yangu ni moja au mbili kwa mwaka, na tunaziomba thelathini, arobaini. Hilo ni jibu la swali la pili.

Sasa la tatu.

Mwaka jana nilitoa makala yangu ya kwanza peke yangu, bila jina la profesa wangu juu yake. Nilichukua madaftari ya mapokezi ya vituo sita vya afya, miezi mitatu mizima, nikapima mgonjwa anasubiri muda gani tangu anapoandikishwa mpaka anapomwona tabibu. Madaftari yale yana safu ya saa ya kufika na safu ya saa ya kuitwa, kwa hiyo mtu anatoa moja kwa nyingine, basi. Niliwachukua vijana wawili wa kuingiza namba kwenye kompyuta, nikawaandikia maagizo. Aya ya tatu ya maagizo yale inasema hivi: mstari uliokatwa ni kosa la karani, usiingizwe. Nimeinakili kama ilivyo, Mama Mkubwa, ili usidhani naiongezea chumvi.

Jibu lilitoka zuri. Wastani wa kusubiri ulikuwa dakika hamsini na mbili, na baada ya saa nane mchana karibu hakukuwa na anayesubiri. Ofisi ya afya ilisoma muhtasari wangu ikaupenda. Wakawahamisha matabibu wa mchana kutoka vituo vitatu kati ya sita, kwa kuwa utafiti umeonyesha hawana kazi. Kwa mchumi mchanga, kusomwa tu ni bahati. Kusomwa na mtu akachukua hatua ni kama kutunukiwa cheo. Profesa wangu alinivika kilemba cha ukoka mbele ya idara nzima, nami nikakivaa. Huyu profesa wanafunzi wanamwita Wastani, kwa sababu hata ukimuuliza ameamkaje atakwambia, "Kwa wastani, vizuri."

Kwa makala ile niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhadhiri. Tulibaki watatu. Siku nilipomwambia Mama kwamba tumebaki watatu, alisikia nimebaki mmoja. Mama yangu unamjua, hana breki. Kufikia jioni ya siku hiyo jirani wa kushoto alikuwa akinisalimu "Mwalimu," na wewe, kwa jinsi ninavyohesabu, uliandikiwa kesho yake.

Wiki tatu kabla ya usaili nilikwenda kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu, kimojawapo cha vile sita. Sikwenda kuchunguza kitu. Nilitaka picha ya ukurasa mmoja wa daftari wenye mwandiko mzuri, niuweke kwenye maelezo yangu ili wanajopo waone kwamba mimi ni mtu wa kukanyaga chini, si wa kukaa na kompyuta tu. Mwandiko mzuri kuliko wote ulikuwa wa karani wa pale, mwanamke mnene, mpole, ambaye wagonjwa wanamwita Bi Rula kwa sababu haandiki mstari bila rula. Ana vibao vya namba vya mbao. Ukifika anakuandika, anakupa kibao, unakaa kwenye benchi.

Nikiwa nimesimama pale na simu mkononi, akaja mwanamume mmoja mwenye shati la kazi, akaweka kibao chake dirishani, akageuka akaenda zake. Bi Rula akachukua rula na kalamu nyekundu, akalitafuta jina la yule mtu, akalikata kwa mstari ulionyooka. Halafu pembeni akaandika saa.

Nikamuuliza, "Amekosea nini huyu?"

"Hajakosea kitu," alisema. "Ameondoka."

Nikauliza kwa nini anamkata. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. Jioni daftari lake lazima lilingane na orodha ya tabibu. Aliyechoka kusubiri akarudisha kibao hajaonwa, kwa hiyo anakatwa, ili hesabu isigombane. Hiyo saa ya pembeni anaiandika kwa hiari yake, asije mtu akasema kibao kimepotea mikononi mwake. Nikauliza kama na vituo vingine wanafanya hivyo. Akasema, "Sote tulifundishwa pamoja."

Nilikaa kwenye benchi. Maana wale niliowafuta wote kama makosa ya karani ndio waliosubiri mpaka wakachoka. Nilipima kusubiri kwa kuwahesabu walioonwa tu. Na mchana hapakuwa na watu kwa sababu watu walikuwa wameshakwenda nyumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kosa hili, lina sura yake kwenye kitabu. Mimi mwenyewe nimelifundisha mara mbili.

Nikamwomba Bi Rula madaftari ya ile miezi mitatu, akanitolea. Nilikaa nayo siku ile na siku mbili zilizofuata, nikihesabu mistari myekundu kwa kidole. Siku ya pili, kwenye ukurasa wa Jumatano moja, nikakuta jina la Mama. Kufika, saa tatu kasoro robo asubuhi. Limekatwa kwa rula. Pembeni, saa saba na robo.

Jumatano ile naikumbuka. Alirudi akatuambia amepimwa presha, ameambiwa iko sawa, apunguze mawazo tu. Tukamwambia vizuri. Nilikuwa mezani naandika muhtasari wa makala.

Nilimuuliza nilipofika nyumbani. Hakubisha. Alisema kulikuwa na wenye watoto wachanga, akawapisha wawili, halafu akachoka, na kwamba asingeweza kurudi na kutuambia amekaa nusu siku bure kama mtu asiye na kazi. "Na wewe ulikuwa na karatasi zako," akasema. Niliona haya, Mama Mkubwa. Sijawahi kuona haya hivyo tangu nizaliwe.

Nakala za madaftari ya vituo vingine vitano nilikuwa nazo, nikarudia hesabu yote. Kwa vituo sita, mistari elfu saba mia mbili na kumi; iliyokatwa, elfu moja na thelathini. Wale waliokatwa walisubiri saa tatu na dakika kumi kwa wastani, na hawakupata kitu. Ukiwarudisha, dakika zangu hamsini na mbili zinakuwa sabini na mbili, na hata hizo zinadanganya, kwa sababu aliyeondoka hakumaliza kusubiri, ameacha tu.

Nikampelekea Profesa. Alizisoma namba zangu zote, akavua miwani akaisafisha, akasema niko sahihi. Kisha akasema, "Usaili kwanza, marekebisho baadaye." Simlaumu. Alisema kila makala ina kasoro yake, kwamba wenzangu wawili hawataonyesha zao, na kwamba nikishaajiriwa nitakuwa na nguvu ya kuisahihisha vizuri, kwa jina la chuo. Yalikuwa maneno ya mtu mzima anayenitakia mema. Nilitoka ofisini kwake nimekubali.

Na nilikubali kweli. Nataka ulijue hilo, kwa sababu Mama akikusimulia atakuambia mwanao alikuwa jasiri. Siku kumi na nane sikumwambia mtu mwingine yeyote. Sikuiandikia ofisi ya afya. Sikuliandikia jarida. Barua yako ilifika wiki ile ile, ikiniuliza kama ni kweli mimi ni mwalimu, nikaiweka chini ya mashine ya kunakilia. Nilinunua viatu vya usaili.

Wanajopo walikuwa watano, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolia kila inapogeukia upande mmoja. Nilikuwa na dakika ishirini. Nilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye zile dakika hamsini na mbili. Zilikuwa pale ukutani kwa herufi kubwa, na mdomo ukakataa kuzisema. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Namba hii si sahihi, na kosa ni langu." Nikawaeleza mistari iliyokatwa na jinsi nilivyoifuta, nikawachorea ubaoni kwa sababu sikuwa na slaidi yake. Kalamu ya ubao ilikuwa imekauka nusu.

Mwenyekiti wa jopo ni mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza niligundua lini. Nikasema wiki tatu zilizopita.

"Na matabibu wale wamesharudishwa?"

Nikasema bado, kwa sababu sijaiandikia ofisi ya afya.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mawili matatu ya kitaalamu, ya kuhakiki takwimu na kadhalika. Nikayaacha. Nikasema, "Kwa sababu niliitaka kazi hii."

Mwenyekiti aliandika kitu, akanishukuru, nikatoka. Kesho yake asubuhi niliiandikia ofisi ya afya na jarida, kurasa mbili mbili, na mistari elfu moja na thelathini nikaiambatanisha.

Kazi sikuipata, Mama Mkubwa. Imechukuliwa na mwenzetu anayechunguza bei za vifaa vya ujenzi, kijana makini, sina neno naye. Barua waliyoniandikia ilikuwa fupi na ya adabu. Chini yake mwenyekiti ameongeza kwa mkono kwamba utafiti uliosahihishwa ni bora kuliko ule wa kwanza, na niombe tena siku nyingine. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Inaniuma. Naiandika hapa mara moja ili nisiirudie: niliitaka kazi ile sana, na inaniuma.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana. Ukiwa umeshawaambia watu, utajua namna ya kuwaambia. Jarida litachapa marekebisho toleo lijalo. Ofisi ya afya imejibu kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Matabibu bado hawajarudi. Mwezi wa nane mkataba ukiisha nitarudi ofisi ya takwimu, wamesema kuna nafasi ya miezi sita. Nimewaandikia wazo la fomu mpya ya vituo vya afya, yenye safu ya walioondoka.

Kinachonisumbua kuliko yote ni Mama. Nilipomweleza kwamba nimeikosa kazi, na kwa nini, alikuwa anakunja nguo. Alimaliza kukunja shuka mbili, halafu akasema, "Kwa hiyo ni jina langu limekukosesha." Nikamwambia maagizo niliyaandika mimi, kosa nilikuwa nimeshaliona kabla ya kuliona jina lake, na walikatwa watu elfu moja na thelathini. Haimwingii. Yeye anasema angekaa mpaka aitwe siku ile, nisingelikuta jina lake limekatwa. Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa ukali, hata kuchora nimemchorea. Wewe ndiye mkubwa wake, na yeye anakusikiliza wewe. Naomba umwandikie. Mwambie kwa maneno yako.

Sasa kila Jumatano anakwenda kituoni, na haondoki. Safari ya pili alipimwa: presha iko juu, na si kidogo. Ameanza dawa, anazimeza. Jumatano iliyopita alirudi akaniwekea mezani kipande cha karatasi, akaenda jikoni. Nakunakilia kilivyo: "Nimefika saa mbili na dakika tano. Nimeitwa saa saba na nusu. Walioondoka hawajaonwa, tisa. Mmoja mjamzito."

Msalimie Baba Mkubwa, na kaka zangu wote wawili, yule mrefu na yule anayesema ni mrefu. Yule mdogo wetu wa mwisho mwambie maswali yake ya hesabu nimeyapata, nitamjibu kwa barua yake mwenyewe. Mama anakusalimu sana. Amenikataza nisikuandikie habari zake.

Mungu akutunze, goti lipoe, na barua zako ziendelee kuwa na maswali.

Mimi mwanao ninayekupenda,

Maswali